Tiyo Chini ya Mkeka wa Mamamkwe

Miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, kazi yangu ilikuwa kutafuta maji yaliyopotea. Mzungu akiona ukuta wake umelowa bila mvua, ananiita. Ninakuja na nondo yangu, ninaisimamisha chini, ninatia sikio juu yake, ninasikiliza. Tiyo ya maji, yaani bomba, ikitoboka inalia ndani ya udongo, sss, sss, na chuma kinaleta ile sauti mpaka sikioni. Niliiweza kazi hiyo. Ninasema mwenyewe kwa sababu wengine hawasemi.

Tulikaa mtaa wa Songo, nyumba ya matofali mabichi, robine moja ya kuchotea maji uani. Mke wangu alipojifungua, mama yake akaja kutoka kijijini kwake Runingu kumsaidia na mtoto. Tukampa chumba cha nyuma. Sasa, kwetu mkwe na mamamkwe hawazoeani. Siingii chumba anacholala, sili mbele yake, simsemeshi uso kwa uso. Nikitaka kitu ninasema na kuku: "Weye kuku, leo mboga iko na chumvi mingi." Mamamkwe anasikia kule jikoni, na kesho chumvi inapungua. Kuku hana neno. Tuliishi vizuri namna hiyo.

Baada ya muda nikaanza kuona mkeka wake umeanikwa juani kila asubuhi. Mkeka wa mamamkwe si kitu cha mkwe kuuliza. Kisha nikaona mama yule, mtu wa kumaliza kibuyu cha maji akitoka kupalilia, hanywi tena. Chai anakataa. Uji anakataa. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Nikamwambia kuku kwamba wazee wasiokunywa maji wanakufa mapema. Kesho yake chai akakataa tena.

Siku moja narudi kazini, nakuta kitunga chake kimefungwa tayari mlangoni, na mke wangu analia.

"Mama anataka kurudi Runingu."

"Kuna nini?"

"Ni mambo ya mama."

"Mambo gani?"

"Ya mama tu."

Hapo nikapandwa na hasira, na mimi hasira hainichelewi. Nikasema kama kuna mtu amemtukana mzazi katika nyumba yangu, nitajiwe jina lake sasa hivi, nimfuate. Mke wangu akanishika mkono, akanivuta mpaka nyuma ya choo, akanong'ona.

"Anakojoa akilala. Kila siku anaamka mkeka umelowa. Anasema mwili wake umekwisha. Maji ameacha kunywa, na bado! Anasema heri akafie kwake kuliko weye ujue."

Niliumia moyo. Mama yule alikuwa bado analima shamba lake mwenyewe, na sasa alikuwa anajikausha kama samaki ili asiaibike mbele yangu. Nikasimama pale nikitazama ukuta wa choo. Labda ni kile choo kilichonirudisha kwenye kazi.

"Ule mukeka iko na harufu?"

"Wee! Unauliza nini juu ya mama yangu?"

"Iko harufu ao haiko?"

Akafikiri. Asubuhi zote zile alikuwa ameuanika yeye, akigeuza uso kwa aibu.

"Haiko," akasema polepole.

Mkojo usio na harufu mimi sijauona. Lakini tiyo ya robine yetu ilipita chini ya chumba kile. Mchana mtaa mzima unachota, maji hayana nguvu. Watu wakilala, robine zote zimefungwa, nguvu inarudi, na pale penye tundu maji yanapanda kwenye udongo mpaka kwenye mkeka. Kukicha watu wanachota tena, na sakafu inatulia, haina habari.

Kuingia nisingeweza, hata yeye akiwa jikoni. Chumba ni chumba. Nikasimamisha nondo nje, kando ya ukuta, nikasikiliza. Sss. Nikafunga maji, nikachimba chini ya ukuta, nikalala kifudifudi, nikapenyeza mkono. Mkono uliingia kwa mamamkwe mpaka begani, mwili ukabaki nje. Niliona hiyo ni heshima ya kutosha. Nikakitoa kile kipande kilicholiwa na kutu, nikafunga kingine.

Sasa nani atamwambia? Mke wangu alikataa kabisa: akimwambia, mama atajua kwamba nimejua. Basi nikakitupa kile kipande cha tiyo mbele ya jikoni, nikaanza kukifokea. Kuku nilimwacha, jambo lilikuwa kubwa.

"Weye tiyo! Hauna haya? Muntu mukubwa amelala, unamukojolea mu mukeka! Ni weye! Siku zote ni weye, si muntu mwingine! Leo minye nimekushika!"

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Na sikuwa ninaigiza. Nilikichukia chuma kile kweli, kwa ajili ya midomo ile iliyopasuka.

Kisha mamamkwe akatoka, macho chini, kama inavyopasa mbele ya mkwe. Akaokota kipande, akakigeuzageuza, akaliona tundu. Akakaa palepale vumbini, akalia kwa sauti. Sisi tukatazama kwingine.

Alipomaliza akajifuta kwa kitenge, akasimama, akatoka njiani na kile kipande mkononi.

"Haikuwa minye!" akamwambia jirani wa kwanza. "Ni hii!"

"Nini haikuwa weye, mama?"

Akamweleza yote, tangu mwanzo, pamoja na mkeka. Akaenda kwa jirani wa pili.

"Mungu wangu," mke wangu akasema. "Hakuna hata jirani mumoja alijua! Mukimbilie, umurudishe!"

Nikamjibu kwamba mkwe hamkimbizi mamamkwe barabarani. Tukabaki mlangoni, yeye amejifunika uso, tukisikiliza sauti ya mama ikienda nyumba kwa nyumba, kila penye mlango ikipanda: "Haikuwa minye! Haikuwa minye!"