Tanbihi Mwisho wa Kila Sura

Habari ilinikuta hotelini Salgaa, chai mkononi, nikisubiri chapati. Binti yake ndiye aliyepiga simu. "Baba ametuacha," akasema. Mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa Keringet, ambaye kwa miezi tulikaa pamoja katika saiba moja ya Nakuru, duka la kompyuta za kulipia, tukikipanga kitabu chake, ameondoka kabla hakijachapishwa. Nimeumia, wasomaji wangu. Chai ile niliiacha mezani.

Kitabu kilihusu familia zilizohamia mashamba ya walowezi, kila familia na sura yake. Kila kisa alichopewa na mzee fulani alikitia namba, na jina la msimulizi akaliandika kwenye tanbihi. Sasa kompyuta ilikuwa na tabia ya kuzibeba tanbihi zote na kuzirundika mwisho wa kitabu. Mimi sikuona ubaya. Vitabu vingi viko hivyo. Yeye alikataa katakata. Wazee wale hawatanunua kitabu, alisema. Kila nyumba itapata fotokopi ya sura yake tu, na jina likiwa mwisho wa kitabu hawataliona kamwe. "Huwezi kula kwa mtu Keringet halafu umshukuru ukifika Nakuru," akaniambia. "Unamshukuru kabla hujatoka kwa boma yake."

Aliyemkosesha usingizi hasa ni bibi mmoja, msimulizi wa sura ya pili, ambaye macho yalikuwa yakififia. Mwalimu aliogopa asije akapofuka kabla hajaliona jina lake. Tukahangaika. Kwenye kompyuta tulichagua tanbihi zikae mwisho wa sehemu, tukidhani sehemu ndiyo sura, nazo zikabaki kulekule mwisho wa kitabu. "Mwalimu, hii mashine ni kichwa ngumu," akasema dada mwenye saiba. "Wacha kuitukana, mama," Mwalimu akamjibu. "Ni sisi hatujaielewa." Kumbe sura zetu tulizitenganisha kwa kuanza ukurasa mpya tu, na machoni pa kompyuta kitabu kizima kilikuwa bado sehemu moja. Tulipoweka mkato wa sehemu, alama ya kuiambia kompyuta kwamba sehemu imeishia hapo, baada ya kila sura, tanbihi zikarudi kila moja kwao. Mwalimu alivua miwani akapangusa macho. Kesho yake akapanda Keringet na fotokopi ya sura ya pili.

Nimewaza sana juu ya ukaidi ule. Sisi tumezoea kuchelewa. Mtu akiwa hai tunamwona msumbufu, simu yake tunaiacha ilie. Akishalala kwenye jeneza ndipo tunagombania maikrofoni kumsifu. Shukrani zetu zote tunazirundika mwisho, kama ile kompyuta kabla hatujaipanga. Inauma kuliandika hili wiki hii.

Bibi yule alikuja mazishini, ameshikwa mkono na mjukuu wake, fotokopi imekunjwa ndani ya kiondo. "Huyu alinitaja nikiwa bado naona," akaniambia. "Na yeye, nyinyi mlimtaja wapi?" Sura ya mwisho, ya familia yake mwenyewe, Mwalimu aliiacha bila tanbihi hata moja. Mimi na binti yake tumeongeza moja, yenye jina lake, na mtaikuta palepale mwisho wa sura, mahali alipopapigania. Ila mwenye boma ameshaondoka. Wewe ambaye wako bado yuko, mshukuru kabla hujainuka mezani.