Dada wa Fefe na Kakati za Izazi

Usiniambie nilipigwa na jua. Nilikuwepo, na mume wangu Festo alikuwepo, na mwanamume yule si mtu wa kutunga maneno.

Tulikuwa tunatoka Iringa kwenda Izazi kumwona shangazi yake. Tukakata njia ya porini, pikipiki ikapasuka tairi. Kiangazi cha kule unakijua? Mawe yanaunguza hata ukiwa na viatu. Tuliisukuma hadi maji ya chupa yakaisha, Festo akaanza kutetemeka na kuongea ovyo. Akakaa chini, akagoma kuinuka. Nikajua nabaki mjane palepale.

Ndipo nikamwona msichana, amechuchumaa kwenye ufa wa mwamba. Kwa ncha ya kanga alikuwa anafuta vumbi kwenye vimea vya miiba vifupi kama kidole, vile watu wanavyoviita kakati. Havioti shambani wala bondeni, ni kwenye nyufa kama zile tu. Udongo kiduchu, mvua hakuna, na bado vimejaa maua mekundu! Niamini, nilisahau kiu.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, wifi. Mwambie Fefe aamke. Nyuma ya jiwe hili kuna maji."

Wifi? Amenijuaje? Na Fefe ndiye nani? Lakini Festo aliinuka kama mtoto aliyeitwa kula. Kweli, nyuma ya mwamba palikuwa na shimo lenye maji ya baridi. Tukanywa, nikammwagia kichwani. Tulipogeuka, msichana hayupo. Maua tu.

Festo akaanza kulia. "Huyo ni dada Rehema. Ndiye aliyenilea mgongoni. Jina hilo la Fefe alikuwa ananiita yeye peke yake. Aling'atwa na nyoka akichunga mbuzi huku, mimi sijaanza hata shule."

Tulipofika Izazi tukamsimulia shangazi, wala hakushangaa. Alisema Rehema alikuwa anawazungusha mbuzi mbali ili wasikanyage vile vimea.

Siku hizi kila kiangazi tunakwenda pale mwambani kukaa na Rehema kidogo. Hatumwoni, lakini Festo anarudi nyumbani amechangamka, anaimba barabara nzima.

Jirani yetu mmoja aling'oa kimea kimoja, akakipanda kwenye kopo barazani kwake. Alikirudisha mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na mpaka leo hasemi aliona nini. Kwa hiyo ukipita huko ukavikuta vimechanua, simama, tazama, furahi. Halafu endelea na safari yako mikono mitupu.