Klavye ya katoni

Leo kazini nimecheka peke yangu mpaka watu wakaniangalia vibaya.

Tulikuwa tunachagua programu ya simu za bandia, zile zinazofunguka ndani ya kompyuta ili tujaribu app yetu kabla watu hawajaipata. Moja inaigiza intaneti ya polepole, nyingine inaigiza batri inayokufa. Mabishano!

Mwenzangu Divine akauliza: "We, kitu cha bandia kinaweza kukufundisha nini?"

Eh, Divine. Unaniuliza mi?

Mtaani kwetu Musaga, wakati wa vita. Shule imefungwa, umeme hakuna. Dada yangu mkubwa, yaya Goreti, akanichorea klavye, yaani kibodi ya kompyuta, kwenye katoni ya sabuni. Nikigusa herufi sawa, ananinong'oneza: "Tak." Nikikosea, ananyamaza. Tena niguse taratibu sana, maana risasi zikilia nje, ndani hatukutaka kelele hata ya kidole.

Amani ikaja, nikakaa shuleni mbele ya kompyuta ya kweli. Nikaandika jina langu lote bila kutazama vidole. Maringo!

Skrini tupu. Hata herufi moja.

Mwalimu akainama: "Bonyeza, mutoto wangu. Hapa apana mutu wa kuogopa."

Basi leo nikachagua ile ya intaneti ya polepole, kama ya yaya kule anakoishi sasa, Uvira. Nikamtumia ujumbe wa sauti: unakumbuka klavye yetu?

Nanyi mnaosoma semeni, vita viliwafundisha nini kwa kitu cha bandia?

Ngoja, yaya amejibu. Sauti fupi kabisa, ya kunong'ona:

"Tak."