Kanzu Kwenye Fremu

Umeme ulikatika Ijumaa asubuhi, sindano ikiwa katikati ya kazi. Baba mdogo aliinamia kanzu iliyobanwa kwenye fremu ya mashine yake ya kudarizi, akaona ua la kulia la shingo limekamilika na la kushoto lina kikonyo tu. Mwenye kanzu alikuwa anaoa siku hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri.

"Usiiguse," aliniambia. "Ikitoka kwenye fremu, ua halikai tena mahali pake."

Basi kanzu ikakaa, nasi tukakaa. Nilipiga simu ya dharura ya watu wa umeme. Baada ya muziki mrefu dada mmoja alipokea, akaniuliza namba ya nguzo. Nikatoka kuisoma. Juu ya namba mganga fulani alikuwa amebandika tangazo la kurudisha wapenzi, na nilipolibandua, rangi ya namba ikaja nalo. Nikamtajia mtaa tu.

"Kwenye mfumo hapa, Mtendeni mna umeme," dada alisema. "Labda ni kwenu tu."

Nilitazama mtaa. Mashine ya kusaga ilikuwa kimya, na muuza juisi alikuwa anagawa barafu kabla haijayeyuka. Nikamweleza. Akasema ameandika.

Adhuhuri bwana harusi alikuja mwenyewe.

"Shikamoo, fundi. Imekwisha?"

"Marahaba. Nusu tayari."

"Wakwe wameshafika kutoka Sikonge. Nikavae nusu?"

"Kavae. Mahari si ulitoa nusu?"

Majirani walicheka. Yeye hakucheka.

Mafundi wa umeme walifika baada ya sala ya Ijumaa. Walisimama chini ya nguzo, wakatazama juu, wakasema tatizo liko kwenye transfoma, na transfoma ni kazi ya timu nyingine. Nikauliza timu hiyo iko wapi.

"Iko mbali, kule Usinge," mmoja alijibu, akapanda gari.

Baba mdogo akaifungua fremu. Aliketi mlangoni penye mwanga, akalishona ua la kushoto kwa mkono, bwana harusi akiwa amemsimamia mgongoni. Uzi ulitoka mnene, na ua likaegemea begani. Kijana akaivaa pale pale, akarukia bodaboda.

Tukiwa msikitini simu yangu ilitetemeka. Ndugu mteja, tatizo lako limeshughulikiwa, asante kwa uvumilivu. Tuliporudi nilibonyeza swichi. Hakuna kitu.

Picha zilitufikia Jumapili. Katika zote bwana harusi ameweka kiganja kifuani, juu kidogo, upande wa kushoto. Wageni walisifu adabu yake. Baba mdogo alizikuza moja moja kwenye simu yangu, kisha akanirudishia.

"Ua la mashine ameliacha wazi," alisema. "Nililolitolea jasho ndilo kalificha."