Majani Chini ya Mshelisheli

Nyie vijana mtakaosoma haya, najua mnapenda kutazama misitu kwenye simu. Mnaona miti imefunga mpaka jua halipiti, mnasema ardhi ya huko lazima ina rutuba sana. Haina. Nimezaliwa Uluguru, shamba letu lilipakana na msitu, na ukifukua kidogo tu unakuta udongo mwekundu uliochoka. Chakula cha msitu kiko juu ya ardhi, kwenye majani yaliyoanguka. Nitawaeleza kwa habari ya mti mmoja tu, tena wa Kariakoo, ambao ilibaki kidogo ukatwe.

Nyumba yetu ni ya chini, imebanwa na maghorofa. Uani kuna mshelisheli alioupanda mama mkwe wangu. Mti huo umetulisha. Tumekaanga shelisheli, tumezipika kwa nazi, tumegawia majirani. Kisha ukaanza kuchoka. Majani yakageuka manjano, matawi ya juu yakakauka, matunda yakawa yanaanguka yakiwa madogo kama ndimu. Mwisho hayakuja kabisa.

Nyumba hiyo ni yangu na shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Yeye ana duka la vitenge mtaa wa pili. Na Kariakoo mnaijua, kila penye nafasi mtu anaona stoo. Akaja na futi yake, akapima kutoka ukutani mpaka kwenye shina.

"Shemeji, mti umezeeka kama wewe. Tuukate tujenge stoo."

"Na mimi utanikata?"

"Wewe bado unazaa maneno. Huu hauzai kitu."

Tukakubaliana. Masika ya mwaka unaofuata yakiisha bila tunda, analeta fundi wa msumeno, na mimi nisimzuie. Nikasema sawa. Nikisema sawa huwa sirudi nyuma.

Alipoondoka nikakaa nikautazama ule mti. Mizizi ilikuwa imetokeza juu kama mishipa ya mkono wangu. Udongo umeshindiliwa, ukimwaga maji yanakimbia. Na aliyeufanya hivyo si mtu mwingine, ni fagio. Mjini hapa mwanamke anapimwa kwa uwanja wake. Alfajiri kabla ya chai, unainama na fagio la chelewa, unafagia mpaka mchanga ubaki na mistari kama kichwa kilichochanwa. Jani likidondoka saa tatu, unaliokota. Ndivyo alivyofanya mama mkwe, ndivyo tulivyofuata sisi.

Msituni hakuna anayefagia. Nilipokuwa mtoto nilikwenda na mama kuchuma iliki chini ya ile miti mikubwa. Ukipekua majani kwa kidole cha mguu unakuta yamepangana, ya juu makavu, ya chini yake meusi, yameloa, yamejaa majongoo na nyuzi nyeupe za uyoga. Humo ndimo mizizi inapolala. Jani linaanguka, wadudu wanalitafuna, uyoga unalimalizia, mzizi unakula, jani jipya linatoka. Hakuna kinachotoka nje ya nyumba. Jirani zetu waliokata msitu na kuchoma walivuna mahindi mazuri mwanzoni. Baadaye mvua ikaosha lile jivu, wakabaki na udongo mwekundu na majembe yao.

Basi nikasimamisha fagio. Nikaenda sokoni kwa wauza ndizi. Ndizi zao zinakuja zimefunikwa majani makavu ya mgomba, wakishazishusha wanayatupa. Nikayabeba, nikayatandaza chini ya mti, nikaacha nafasi karibu na shina lisioze. Makombo ya wali na samaki nikakataza, sikutaka panya.

Mkamwana wangu ni mzaliwa wa Mchikichini, msafi kupita kiasi. Akashika kiuno.

"Mama, watu watasema nini?"

"Watasema mama mkwe wako amechanganyikiwa. Wewe watakuonea huruma."

Siku moja nimetoka, shangazi zake wakawa wanakuja kumtembelea. Akaona aibu. Akafagia majani yote yaliyoanza kuoza, akampa mtu wa mkokoteni wa taka. Nimerudi, uwanja unang'aa, shangazi wanakunywa soda. Nikasubiri mpaka wageni walipoaga.

"Piga magoti hapa," nikamwambia. Pembeni ya ukuta palibaki kipande ambacho fagio halikufika. "Pekua."

Akapekua kwa vidole viwili, amekunja uso. Kisha akaacha kukunja. Kulikuwa na nyuzi nyeupe, na vijizizi vyembamba vilivyotoka ardhini kuja juu.

"Mama, mbona mizizi inapanda?"

"Inafuata chakula. Ndicho ulichompa yule wa mkokoteni."

Kesho yake alitoka mwenyewe, akarudi na furushi la majani ya mgomba kichwani. Amepita nalo katikati ya mtaa, na gauni lake zuri. Toka siku hiyo nikapata askari.

Masika yakaja kwa nguvu. Miaka mingine maji ya uani huingia mpaka vyumbani na tope lake. Safari hii majani yaliyanywa, maji yaliyopita mlangoni yalikuwa machache, tena safi. Nikawakumbuka watu wa kwetu. Mito ya milima ile inashuka Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo haya ya bomba tunayonywa hapa. Msitu ukiwa na majani yake chini, mnakunywa maji. Ukifagiwa, mnakunywa tope.

Mvua zilipokatika, shemeji akaja na fundi wake na msumeno begani. Mkamwana akasimama mlangoni.

"Shikamoo baba. Kabla hujaingia, tazama juu."

"Marahaba. Nitazame nini?"

Akatazama. Majani yalikuwa ya kijani kibichi, mapana kama sinia, na katikati yake shelisheli zimening'inia, nyingine kubwa kuliko kichwa chake. Fundi akaweka msumeno chini, akaanza kuzihesabu kwa kidole, akapotea.

"Shemeji," nikamwambia, "nani amezeeka?"

Akacheka mpaka akakaa. "Stoo nitakodi kule mtaa wa Gerezani. Ila kumbuka mti ni wetu wote, na mimi nina nusu."

Tulimkaangia nusu yake pale pale. Alikula yeye, akala fundi, wakaomba na ya kufunga. Jioni majirani wa ghorofani, waliokuwa wakituita watu wa jalala, wakateremsha kikapu kwa kamba. Nikakijaza.

Walipokwisha kula nikawaita wote wa nyumbani, nikawaambia: "Fagieni vyumba, fagieni baraza, fagieni mpaka kwa jirani mkitaka. Chini ya mshelisheli fagio lisifike. Jani likianguka, liacheni hapo hapo."