Jinsi nilivyompeleka Mkorea kwenye msiba wa bibi aliye hai, Bukima

Wakuu, nawasalimu wote, mliokaa ofisini na mliokaa kijiweni.

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa tano mwaka jana nilimzika mke wangu, Nyangeta, hapa Nyasura, Bunda. Aliumwa wiki moja tu. Ugonjwa sitauelezea.

Naanza na hilo ili mjue kwamba haya ninayosimulia, japo yatawachekesha, sijayatia chumvi. Mimi ni fundi pikipiki, nimeishia la saba, kutunga sijui. Anayetaka kusema hii ni chai aseme, ila asome kwanza mpaka chini.

Nyangeta alikuwa mshonaji. Jioni akishafunika cherehani anahamia kwenye tamthilia za Kikorea, hizi zilizowekwa sauti za Kiswahili. Mimi zilikuwaga zinanichosha. Mtu anamwinamia mama mkwe jioni hii, kesho yake ukiwasha bado ameinama. Yeye alikuwa anacheka mpaka jirani anagonga ukuta.

Basi akaja Bunda mzee mmoja Mkorea, mwalimu mstaafu, akawa anafundisha Kikorea bure kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Nyangeta alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Akirudi ananiinamia, ananipa chai kwa mikono miwili kama mimi ni mfalme, halafu anaangua kicheko na chai yote inaishia kwenye sahani.

Alienda miezi miwili, akaugua.

Baada ya arobaini, Jumamosi zikawa ndefu sana kwangu. Siku moja nikasema ngoja niende nikamwambie yule mzee kwamba mwanafunzi wake amefariki. Nilikuwa na neno hilo moja tu. Nisimame mlangoni, niliseme, niondoke.

Nikafika mlangoni. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanivutia kiti, akanipa kalamu. Neno likagoma.

Nikakaa. Jumamosi iliyofuata nikarudi kulisema, likagoma tena. Hivyo ndivyo fundi pikipiki wa Nyasura alivyojikuta anasoma Kikorea.

Wanafunzi wa awamu ya Nyangeta walishaacha. Hawa walikuwa wapya, hakuna aliyejua mimi ni mume wa nani. Lakini Mwalimu hakumsahau. Jina lake lilimshinda, alimwita "mama wa kucheka". Alikuwa na kisa chake kimoja alichokirudia kila mara. Kwamba siku moja alimpa kimchi, ile kabichi yao wanayoichachusha na pilipili, ukifungua kopo nyumba ya tatu wanajua. Nyangeta akaonja, macho yakamtoka, akairudisha kwa mikono miwili, akasema:

"Mwalimu, hii ni tamu mno. Nakuachia wewe."

"Huyo," Mwalimu anatuambia, "alijua kukataa kuliko Wakorea. Sasa haji. Nafikiri alihamia Mwanza."

Na mimi niko kiti cha nyuma, neno limenikaa kooni kama mwiba wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani.

Sasa wakuu, tuje kwenye somo lenyewe la kukataa, maana ndipo balaa lilipoanzia.

Mwalimu alisema Kikorea hapana yao ipo, wanaiita aniyo, lakini mkubwa wako humtupii hivihivi. Kwanza unasita. Unavuta hewa kidogo kwenye meno, ssss, kuonyesha kwamba jambo linakuuma. Kisha unasema, "Itakuwa ngumu kidogo." Mwisho unatoa sababu, na iwe nzito, ili mkubwa asione umemdharau.

Akaanza kutujaribu. Akamsimamisha mama mmoja anayeuza mbogamboga stendi.

"Mama, kesho njoo unisaidie kuhamisha kabati."

"Siji."

"Taratibu, mama. Mimi ni mkubwa wako."

"Shikamoo. Siji."

Watu wa Mara tunajijua.

Akatuambia basi tujaribu wote ile hewa ya kwenye meno. Wakuu, sisi hewa ya kwenye meno tunaijua kwa kazi moja tu. Ukumbi mzima ukamsonya mzee wa watu, msonyo mrefu wa pamoja, hadi mlinzi wa kanisa akachungulia. Mwalimu akapiga makofi. "Vizuri sana! Tena!"

Tukamsonya tena.

Mwisho wa kipindi akatangaza: "Jumamosi ijayo hakuna darasa. Wote mje kwangu tule. Nimechachusha kabichi ndoo nzima."

Watu wakaanza kukusanya madaftari.

Nilimwona kijana mmoja, Magesa, fundi simu, anameza mate, na si kwa hamu. Yeye alishawahi kuonjeshwa.

Mmeshaelewa kinachokuja? Mtanzania ukimwambia atoe sababu nzito ya kutofika mahali, anakwenda moja kwa moja kwenye ukoo wake na kuanza kuua.

Ijumaa hiyo simu ya Mwalimu ilipokea misiba mfululizo. Mama wa mbogamboga alifiwa na shangazi Butiama. Mwingine alifiwa na baba mdogo, Iringo, pale Musoma mjini. Magesa alifiwa na bibi, Bukima. Na wote, kwa heshima, walitanguliza kwamba itakuwa ngumu kidogo.

Magesa alipita gereji kwangu jioni.

"Kaka, wewe umemuua nani?"

"Sijamuua mtu."

"Chagua mapema. Mabibi wanaisha."

Nilicheka, wakuu, siwezi kudanganya. Alipoondoka nikaenda nyuma ya banda nikakaa kidogo peke yangu.

Kwa sababu niliona jambo. Mimi nina maiti wangu wa kweli, nimembeba miezi, nasubiri kumtaja. Na sasa wenzangu wamejaza soko. Nikimwambia Mwalimu leo kwamba mke wangu amefariki, atanihesabu nami nimekimbia kabichi.

Jumamosi nikaenda kula, peke yangu.

Nikamkuta Mwalimu amesimama uani, suti nyeusi, tai nyeusi, jua la saa nne. Mkononi ana bahasha nyeupe.

"Leo hatuli," akasema. "Kwanza tunakwenda kuzika."

Akanieleza kwamba kwao mtu akifiwa unavaa nyeusi, unapeleka bahasha nyeupe ya rambirambi, unamsujudia marehemu mara mbili mpaka chini. Ukipata taarifa ukabaki nyumbani, huna utu. Alishaweka na kopo la kimchi kwenye gari, tule njiani. Tunaanza na wa mbali, bibi yake Magesa.

Ningefanyaje? Nikikaa kimya tunaenda kuaibika. Nikisema ni uongo, je kama kweli kafa? Katika hao wote hawezi kukosekana mmoja aliyefiwa kweli. Mimi mtu angeniambia msiba wangu ni wa uongo, tungepigana. Nikampigia Magesa, simu imezimwa.

Nikaamua kutumia somo. Nikasita. Nikavuta hewa. "Mwalimu, Bukima leo itakuwa ngumu kidogo. Barabara mbaya."

Akaniinamia. "Asante kwa kunionea huruma. Twende."

Nikajaribu tena, kwamba wafiwa hawajajiandaa kupokea mgeni. Akazidi kuguswa. Kumbe kwao mtu akikataa mara ya kwanza ni heshima, mara ya pili ni heshima zaidi, na mwenye adabu anasisitiza. Kadiri nilivyomzuia kwa ustaarabu ndivyo alivyoona Magesa kalelewa vizuri, hata marafiki zake wana adabu.

Tukaondoka na pikapu yake. Mbele huko tukaacha lami, tukashika vumbi kuelekea ziwani.

Bukima tukaelekezwa mji wa bibi yake Magesa. Hakuna turubai. Hakuna wimbo. Kuna mama mzee, mwembamba, mgongo umenyooka, anaanika dagaa.

"Shikamoo, bibi. Tunamtafuta Bibi Nyanjura."

"Marahaba. Ndiye mimi. Huyo Mchina anataka dagaa za jumla?"

Mwalimu akanisogelea sikioni. "Huyu ni dada wa marehemu?"

Nikamwangalia bibi. Nikamwangalia Mwalimu. Nikasema kwa Kiswahili, polepole, wote wasikie: "Mwalimu, marehemu ndiye huyu."

Ikabidi nimweleze bibi yote, kabichi na misiba. Nilitegemea tutafukuzwa. Bibi Nyanjura akaweka ungo chini, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Magesa! Tangu yuko shule huyo ananiuaga. Palizi ya pamba ikifika, nakufaga. Mtihani ukifika, nakufaga. Mwalimu wake mkuu alishawahi kunikuta mnadani akakimbia."

Mwalimu alikuwa mwekundu shingo nzima. Akaanza kurudisha ile bahasha mfukoni.

"Wee! Hiyo ya nani?" bibi akauliza.

Nikamwambia ni rambirambi ya marehemu.

"Si marehemu ni mimi? Lete."

Akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akauliza huyu mgeni angefanya nini kama angemkuta kalala. Mwalimu akaeleza mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: marehemu husujudiwa mara mbili, mzee aliye hai mara moja.

"Basi nipe hiyo moja. Hizo mbili niwekee."

Na Mwalimu, wakuu, akavua viatu, akapiga magoti kwenye mchanga wa dagaa na suti yake, akamsujudia. Bibi alipokea kama aliyezoea.

Halafu akachukua simu yake ya vitufe, akapiga namba nyingine ya Magesa ambayo sisi hatukuwa nayo.

"Magesa, ni mimi marehemu. Nimeletewa rambirambi na Mkorea. Jumatatu uje ubebe dagaa, na ukisema umefiwa nakufuata hukohuko."

Kuondoka bila kula ikashindikana. Ukaja ugali wa muhogo kama kichuguu, na sato. Tulipomaliza ukaja wa pili. Mwalimu akashika tumbo, akavuta hewa kwenye meno.

Bibi akanigeukia. "Ananisonya?"

"Hapana, bibi, ndiyo heshima yao."

"Itakuwa ngumu kidogo," Mwalimu akasema, jasho linamtoka.

"Ngumu nini, huo ni laini. Kula, baba."

Akala. Mwalimu wa kukataa alishindwa mtihani wake mwenyewe mbele ya macho yangu.

Nisimame hapa niseme nilichojifunza, kwa sababu nikifika mwisho sitaweza. Kila watu wana njia yao ya kusema hapana, na ukiichukua njia ya wenzako bila kujua inaelekea wapi, utafika Bukima na suti. Na msiba usiuazime kama mwavuli, maana kuna mtu kando yako analowa kweli. Wenye maoni wekeni, hata wa kunicheka, nitasoma yote. Namalizia.

Tulipotoka tena kwenye lami, Mwalimu akasimamisha gari. Kushoto ni Butiama na Musoma. Kulia ni kwetu Bunda. Akaangalia bahasha zilizobaki.

"Hawa wengine pia ni wazima?"

"Nadhani hivyo, Mwalimu."

Akacheka, kwanza kidogo, halafu mpaka akaegemea usukani. Alipofuta machozi akaniangalia.

"Na wewe? Darasa zima wamefiwa. Wewe peke yako hukufiwa. Kwa nini?"

Mwiba ule wa furu, wakuu, ulitoka hapo hapo.

"Mimi ndiye niliyefiwa. Mama wa kucheka alikuwa mke wangu. Hajahamia Mwanza."

Niliona anavyonipima. Nisingemlaumu, alikuwa ametoka kumsujudia marehemu anayekula sato.

"Kweli?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Kweli. Twende ukaone."

Akakata kulia. Tukanyoosha mpaka Nyasura.

Kaburi liko nyuma ya nyumba, karibu na dirisha alipokuwa anashonea. Mwalimu akasoma msalaba, akalisema jina lote taratibu, Nyangeta, akalirudia mpaka likakaa sawa mdomoni. Akavua viatu. Akasujudu mpaka paji likagusa udongo. Akainuka, akasujudu tena.

Akanipa bahasha kwa mikono miwili. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Kisha akaenda kwenye gari akarudi na lile kopo la kimchi. Akalifungua, akaliweka mbele ya msalaba. Jirani akafunga dirisha.

Tukasubiri. Mwalimu amekaa chini, miguu ameikunja, anaangalia kopo kama mtu anayengoja jibu.

Baada ya muda akalivuta kwake.

"Amesema ni tamu mno," akasema. "Ametuachia sisi."

Akanipa vijiti, nikashindwa kuvishika, nikala kwa mkono.