Maji ya Ndovu

Sijui kama nakumbuka yote sawasawa, lakini harufu naikumbuka. Uhuru ulikuwa bado mpya. Shamba letu kule Tetu lilipakana na msitu wa wanyama. Mvua ilikuwa imekataa, na kijito kilichozoea kunifika magotini sasa kiliniloweka vidole tu. Watu walilaumu serikali kwa kukata miti ya zamani na kupanda mipaini. Haki isemwe: hata sisi tulikata.

Ndovu akashuka kutafuta maji, akafia kijitoni, juu kidogo ya mahali petu pa kuchotea. Askari wa wanyama wakaja, wakang'oa pembe, wakatuonya tusimguse kwa kuwa ni mali ya serikali. Wakaenda zao. Lakini nani angemgusa? Nyama ya mwitu kwetu hailiwi, na mzoga ni mwiko kushika. Labda hata bila onyo tungekaa tu tukiziba pua.

Tumbo likavimba, likapasuka. Maji yakaja na utelezi wa mafuta, funza wakielea kama mchele. Mama aliyachuja kwa kitambaa na kuyachemsha sana. Maji mengine yalikuwa mbali. Mdogo wangu, bado wa kunyonya, akaanza kuhara hadi macho yakaingia ndani. Mama akaenda kwa askari kuomba mzoga uondolewe. Akaambiwa ati amri itatoka Nyeri.

Siku moja mkubwa wao akapita kwetu. Alikuwa mtu wa adabu, alivua kofia mlangoni. Mama akampa chai. Akanywa, akasifu maziwa, akaongezwa.

"Mama, hii chai iko na ladha fulani. Umetia nini?"

"Sijatia kitu, mwanangu. Ni maji tu, yale yanapita kwa ndovu yenu."

Akameza yaliyokuwa mdomoni, akaweka kikombe chini polepole, akatoka. Tukamsikia akitapika nyuma ya ghala. Mama akampelekea maji ya kusukutua. Akayakataa.

Kesho yake watu wakaja na kamba na majembe. Huenda amri ilikuwa imeshatoka. Sitaki kumpa mama sifa isiyo yake, wala kumnyima yule mkubwa wa askari sifa yake. Mtoto alipona.

Ila ndovu walimzika palepale ukingoni mwa kijito. Mvua iliporudi, utelezi ukarudi nayo, na mama akatafuta kile kitambaa.